Heda ya Kila Kitu na Mahindi ya Mama Khisa

Ni mimi. Nianze hapo, msije mkaniheshimu bure kurasa zote kisha mgundue mwishoni. Ile faili iliyoitwa yote.h, iliyofanya programu ya mashine zetu ijengeke polepole mpaka watu wakazeeka wakiingojea, niliiandika mimi, Rispa Nafula, kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili timamu, asubuhi moja hapa Kitale baada ya chai. Tena nikapewa zawadi.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya kuandika programu kwa lugha ya C. Najua mnatuona sisi wastaafu kama watu wa kusimulia tulivyokwenda shule bila viatu. Viatu nilikuwa navyo. Nilichokosa ni mtu wa kuniuliza swali moja la maneno manne, na nitawaambia swali hilo likifika zamu yake.

Kampuni yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na ngazi zake zilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Tulitengeneza mashine ya kupima unyevu wa mahindi. Mkulima anafika ghalani na mzigo wake, mtu anachota konzi ya punje, anazimwaga kwenye mashine, mashine inatafakari kidogo, halafu inatoa namba. Ikisoma kumi na tatu na nusu kushuka chini, mahindi yamekauka, karibu ndani. Ikizidi hapo, geuza trekta ukaanike. Ndani ya mashine kulikuwa na programu, na programu hiyo ndiyo iliyonilea mimi na watoto wangu mpaka siku nilipoagwa.

Sasa heda ni nini? Programu ya C huandikwa vipande vipande, kila kipande na faili yake. Kipande kimoja kikitaka kutumia kazi ya kipande kingine, kinaagiza heda yake, yaani faili fupi inayosema, mimi najua kufanya hivi na hivi. Unaandika mstari mmoja tu wa include, na kompyuta inainakili heda ile nzima, neno kwa neno, na kuibandika hapo. Kama heda ile imeagiza nyingine, nayo inakuja, na ile nyingine inakuja na zake. Wa kwetu Bungoma wanaelewa upesi. Umemwalika mjomba mmoja kwenye kikao cha mahari, naye anashuka na shemeji, jirani, na mtu mmoja ambaye hakuna anayemjua lakini ameshashika sahani.

Mimi nilikuwa nimechoka kufokewa na kompyuta. Kila nikijenga programu, yaani kuyageuza maandishi yangu kuwa kitu ambacho mashine inakielewa, inaniambia hiki sikijui, kile sikijui, maana nimesahau kuagiza heda fulani. Nikasema, kwani shida iko wapi? Nikakusanya heda zote za kampuni, nikaziagiza ndani ya heda moja, nikaiita yote.h. Nikawatangazia wenzangu: agizeni hii moja, muishi kwa amani. Walinishangilia. Meneja wetu, Bwana Kibet, mtu mwema aliyependa mkutano kuliko nyama, alinisimamisha kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka akanikabidhi chupa ya chai na cheti cha Mfanyakazi Aliyerahisisha Kazi. Chupa bado ninayo. Cheti nilikigeuza nikaandikia upande wa pili orodha ya vitu vya sokoni.

Kama jambo lingeishia hapo, ningekuwa mvivu wa kawaida tu. Lakini ofisi yetu ililigeuza kuwa mila. Mtu akimaliza kipande kipya cha programu, heda yake inaingizwa kwenye yote.h mbele ya watu. Mandazi yananunuliwa, Bwana Kibet anasema maneno mawili ambayo huwa ishirini, na jina la mwenye heda linaandikwa pembeni. Kutoka hapo haitoki. Kuondoa heda ya mtu kwenye yote.h ilikuwa sawa na kuruka jina lake kwenye ratiba ya mazishi ya babake, na mnajua kesi za namna hiyo kwetu zinafika kwa chifu kabla kaburi halijafunikwa. Mmoja wetu alihamia Nairobi, heda yake ikabaki. Tukaacha kuuza mashine zenye kichapishi cha risiti, heda ya kichapishi ikabaki. Kulikuwa na heda ya kengele ambayo haijawahi kulia tangu izaliwe, nayo ilikuwa mle, na mandazi yake yalishaliwa.

Matokeo yake mtayaelewa wenyewe. Kila faili iliagiza yote.h, na yote.h iliagiza dunia nzima. Ukigusa heda moja, hata kama ni kurekebisha nukta, kompyuta inaona kila faili imeguswa, inaanza kujenga upya zote, mia nne na kitu, kila moja ikiuburuta ukoo mzima nyuma yake. Tukazoea. Tuliita wakati huo "muda wa mashine" na kila mtu alikuwa na matumizi yake. Mwenzangu Wekesa, aliyeshughulikia upande wa kioo cha mashine, alikuwa akienda kunyolewa. Alinyolewa mara nyingi sana katika wiki mpaka kinyozi akaanza kumwambia arudi nyumbani, hakuna kitu cha kukata. Mimi nilisoma Biblia kutoka Mwanzo mpaka kitabu cha Waamuzi, na sikuisoma kwa sababu ya uchaji.

Tulicheka. Mpaka siku ile ya Kanduyi.

Tulikuwa na tawi Bungoma, chumba kimoja kando ya ghala la nafaka pale Kanduyi, na mtu wetu huko aliitwa Mzee Hamisi. Alikuwa fundi wa redio wa siku nyingi, nyumba yake iko karibu na msikiti pale mjini. C alijifunza ukubwani kwa kitabu cha kunakiliwa ambacho hakikuwa na jalada wala sura ya kwanza, ndiyo maana maisha yake yote hakujali utangulizi. Alianza na kazi. Aliniita binti yangu, nami nilikuwa na wajukuu wawili.

Nilikuwa nimekwenda huko kukagua mashine, msimu wa mavuno umepamba moto. Foleni ya matrekta ilitoka langoni ikafika barabarani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Khisa, mkulima kutoka upande wa Chwele, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Trela yake ilikuwa imejaa mahindi ya mwaka mzima, na turubai lake lilikuwa limeona miaka mingi kuliko trekta. Wakachota, wakamwaga, mashine ikasema kumi na sita na nusu.

"Ati ngapi?" akauliza Mama Khisa.

"Kumi na sita na nusu, Mama. Hayajakauka."

Akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaibana kwa jino la pembeni mbele ya uso wangu. Ikavunjika kwa mlio mkavu ambao hata mtu wa nyuma kwenye foleni aliusikia. "Umesikia hiyo? Mimi nimeanika haya mahindi wiki mbili. Nimefukuza kuku mpaka miguu imekataa. Hii mashine yako iko na shida, Madam."

Mzee Hamisi alininong'oneza, "Binti yangu, mama anasema kweli. Inadanganya tangu asubuhi."

Nilifungua kompyuta ndogo ya kampuni. Kosa nililiona upesi. Lilikuwa kwenye joto.h, namba ya kusawazisha joto la mchana; nukta ilikuwa imekaa mahali pabaya. Nikaisogeza. Nikamwambia Mama Khisa kwa furaha kabisa, "Dakika kidogo tu, Mama, nimelipata." Kisha nikaanza kujenga programu, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba joto.h iko ndani ya yote.h.

Mnajua inavyokuwa. Majina ya faili yanapita kwenye kioo moja moja, taratibu, kama waombolezaji wanaotoa pole. Mama Khisa alikuja akasimama nyuma yangu. Upande wa Mlima Elgoni mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Hiyo kitu inafanya nini?"

"Inajenga programu upya, Mama."

"Si umesema ni namba moja tu?"

"Ndiyo, moja."

"Sasa namba moja ndiyo inajengewa nyumba nzima?"

Nimesoma vitabu, nimehudhuria semina, nimepewa cheti, na mpaka leo sijapata jibu la swali lile. Tulifika karibu nusu ya faili, stima ikapotea. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, sisi tu ndio tulikataa kuizika. Stima iliporudi nikaanzisha tena, na hati yetu ya kujenga, ile orodha ya amri ambayo kompyuta huifuata, ikafanya ilivyoagizwa na kikao cha ofisi: ikafuta kwanza kila kilichojengwa, eti kwa ajili ya usafi, ikaanza na faili ya kwanza.

Mvua ilianza kabla ya saa tisa. Si manyunyu. Vijana wa ghala walisaidia kuvuta turubai, lakini turubai lile lilikuwa na matundu, na maji hayahitaji kuonyeshwa njia. Mama Khisa alipanda juu ya trela akaukunja mgongo wake juu ya tundu kubwa kuliko yote, akakaa hivyo, mvua inampiga. Nami nilikuwa ndani, pakavu, nikitazama heda ya kengele isiyolia ikijengwa.

Ilipokwisha, tukaiingiza programu kwenye mashine, wakachota konzi upya. Mashine ilikuwa imepona. Ilisoma kumi na nane, na safari hii haikudanganya.

Mama Khisa aliitazama ile namba, maji yakimchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Asubuhi mimi nilikuwa nasema ukweli, mashine ikasema uongo. Sasa mashine imesema ukweli, mwongo ni mimi." Akamwambia dereva ageuze. Baadaye nilisikia kwamba magunia mengi yaliota ukungu kabla hajapata jua la kutosha kuyaanika tena.

Nitasema wazi, kwa kuwa nyinyi vijana mnapenda kusema kosa ni la mfumo. Mfumo ulikuwa mimi. Niliona aibu iliyonikosesha chakula. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga, lakini mimi nililichuma langu nikamlisha mama wa watu.

Jioni ile Mzee Hamisi hakunifariji. Alichemsha chai ya tangawizi, akanimiminia, halafu akafungua mkoba wake wa kazi na kuumwaga mezani. Vilitoka vitu vitatu: bisibisi, koleo, na kipima umeme. Aliniambia kwamba kila asubuhi baada ya swala huumwaga mkoba hivyo hivyo, akashika kila kifaa na kukiuliza, wewe leo una kazi gani? Kisichojibu hubaki nyumbani. "Si kwamba ni kibaya," akasema. "Lakini mabega ni yangu."

Kisha akavuta kompyuta akafungua yote.h, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Na hili ndilo swali la maneno manne nililowaahidi.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Ni heda ya kichapishi, Mzee."

"Tuna kichapishi?"

"Tuliacha."

"Na huyu?"

"Ni ya yule aliyehamia Nairobi."

"Kwa hiyo tunamlisha mtu akiwa Nairobi." Akanywa chai. "Mgeni siku mbili, binti yangu, siku ya tatu mpe jembe. Hawa umewapa nini?"

Tukaanza kazi. Nitawaambia tulivyofanya, mwibe kinachofaa. Tulichukua faili moja moja, tukaondoa yote.h, tukaagiza heda za vile tu ambavyo faili ile inavitumia kwa mkono wake. Si vile inavyovipata kwa bahati kupitia mlango wa jirani. Hapo ndipo wengi huanguka. Faili yako inajengeka vizuri leo kwa kuwa heda ya jirani imekuletea kitu ulichosahau kuagiza. Kesho jirani anasafisha nyumba yake, na wewe unaanguka bila kuguswa. Kinachotumika uagize mwenyewe. Na faili iagize heda yake yenyewe kabla ya nyingine zote, ili ujue kama heda ile inaweza kusimama kwa miguu yake au inaegemea watu.

Jingine ambalo Mzee alilipenda sana: kama heda yako inakitaja kitu kwa pointa tu, yaani inashika anwani yake bila kufungua ndani, huna haja ya kuagiza heda yake. Unatangaza jina, basi. "Ukitaka kupeleka barua kwa mtu," alisema, "si lazima umlete kwako alale." Na zile namba za kusawazisha tulizitoa kwenye heda tukazificha ndani ya faili yao, ili namba ikibadilika ijengwe faili moja na wengine waendelee na usingizi wao.

Msidhani nilikuwa na busara ghafla. Wiki ya pili nilipata kiburi, nikawa nafuta mistari kama anayepalilia shamba la mtu asiyempenda. Nikaiondoa heda ya kusoma unyevu mahali ilipohitajika kweli. C ile ya zamani tuliyokuwa tukitumia ina adabu mbaya: ukitumia kazi ambayo hukuagiza heda yake, haikukatazi, inakisia tu kwamba jibu litakuwa namba nzima. Jibu letu lilikuwa na nukta. Kompyuta ilinionya, lakini maonyo tulikuwa tumeyazima kwa uamuzi wa kikao, kwa sababu yalikuwa "yanavunja wafanyakazi moyo". Nikaituma programu Kanduyi kwa majaribio, wakulima hawajafika bado. Simu ikalia.

"Binti yangu," akasema Mzee Hamisi kwa upole, "mashine inasema mahindi haya yana unyevu wa asilimia elfu moja na mbili. Niyaweke ghalani au nitafute nyavu za samaki?"

Siku hiyo nikayawasha maonyo yote. Yalikuwa mengi. Nilivunjika moyo kama kikao kilivyotabiri, nikayamaliza moja moja.

Vita kubwa haikuwa na kompyuta. Bwana Kibet aliposikia heda zinaondolewa, aliunda Kamati ya Heda, na kamati ikatengeneza fomu ya kuomba kuondoa heda, na fomu ilitaka saini ya mwenye heda. Yule wa Nairobi hakupatikana kwa simu. Wa kengele hakuna aliyejua aliko. Nilipofika kwa heda ya Wekesa, ambayo ilikuwa na rangi za kioo tulichoacha kukitumia, Wekesa alinikwepa siku tatu. Siku ya nne alisimama mbele ya meza yangu, kichwa kimenyolewa kinang'aa.

"Madam, hiyo heda yangu iko na makosa gani?"

"Haina makosa, Wekesa. Haina kazi."

"Si ungeniambia tu kama hunitaki hapa. Nimekula mandazi ya hiyo heda na hawa watu. Sasa nitawaambia nini?"

Nilimwelewa, na hilo mlishike vizuri kuliko mambo ya pointa. Heda ile ilikuwa ndiyo mahali pekee ambapo jina lake liliandikwa katika kampuni nzima. Nilimpandisha gari tukaenda Kanduyi siku ya foleni, nikamsimamisha kwa Mama Khisa. Mama yule alikuwa ameendelea kuleta mahindi kwetu, maana ghala ni hilo hilo, lakini kila mara alitafuna punje mbele ya mashine kwanza, kwa sauti, kama mtu anayeapa. Nikamwomba amsimulie Wekesa habari za siku ya mvua. Alimsimulia. Tulirudi Kitale Wekesa akitazama nje ya dirisha, na kesho yake fomu yake ilikuwa mezani kwangu, imetiwa saini, imeandikwa kwa herufi kubwa: ONDOA.

Yote.h yenyewe niliifuta siku moja ya Ijumaa, mandazi hayakununuliwa. Tangu hapo tulikuwa tukibadilisha namba na kujenga programu kabla chai haijapoa. Kinyozi wa Wekesa alilalamika kuwa biashara imeharibika.

Sasa niwapeleke kwenye siku yangu ya mwisho, maana mngedhani watu wamejifunza.

Niliagwa saa nne ya chai, msimu wa mavuno tena. Keki ilikuwa mezani, imeandikwa jina langu kwa sukari. Bwana Kibet alizungumza mpaka mishumaa ikaona haya. Mwishoni akasema kampuni imenifikiria zawadi isiyooza. Asubuhi ile ile, akatangaza, wameunda heda mpya iitwayo nafula.h, na imeagizwa ndani ya kila faili ya programu, ili Madam asisahaulike kizazi hata kizazi. Ndani yake wameagiza heda zote nilizowahi kuandika katika maisha yangu ya kazi.

Hesabuni wenyewe. Zilizobaki baada ya ule usafi, karibu zote nilikuwa nimeziandika mimi. Walikuwa wameifufua yote.h wakaibatiza jina langu.

Watu walipiga makofi. Machozi yalinitoka, na Bwana Kibet akanipa kitambaa akidhani ni furaha. Simu yangu ikalia. Mzee Hamisi, kutoka Kanduyi.

"Binti yangu, samahani kwa sherehe. Jana walibadilisha kihisio cha mashine hapa, kile kinachohisi unyevu. Inasoma sifuri tupu. Inataka namba za kihisio kipya. Foleni iko barabarani. Wa kwanza ni Mama Khisa. Huku asubuhi ni jua kali, lakini juzi na jana mvua imenyesha saa tisa."

Nilipoiweka simu mezani ikiwa wazi, Wekesa alishaketi kwenye kompyuta. Mzee alizisoma namba mpya, Wekesa akaziandika, faili moja tu, akaanza kujenga. Majina yakaanza kupita kwenye kioo. Moja. Jingine. Taratibu. Kwa kuwa kila faili ilikuwa imeguswa asubuhi kwa heshima yangu, kila faili ilitaka kujengwa upya, na kila moja ilikuwa ikinivuta mimi na ukoo wangu. Wekesa aligeuka akanitazama, hakutaka kulisema.

"Sema tu," nikamwambia.

"Madam, ni wewe."

"Nakala ya jana ipo? Ile iliyojengwa kabla ya heshima?"

"Ipo."

"Weka namba huko. Hii ya leo tuifute."

Bwana Kibet aliinua mikono yote miwili. "Haiwezekani! Hatuwezi kumfuta Madam siku ya kumuaga, hata keki haijakatwa. Hilo ni jambo la kamati. Na kuna fomu."

Simu ilikuwa bado wazi mezani. Sauti ya Mzee Hamisi ikatoka ndani yake, pole pole, kama mtu anayeshika bisibisi na kuiangalia. "Huyo nafula anafanya nini hapo?"

Chumba kizima kilinitazama. Miaka yote ile, ngazi zinazonuka dawa ya ng'ombe, macho niliyoyamaliza kwenye kioo kile. Sitawadanganya, nilitaka sana waseme kwamba ninafanya kitu.

"Hafanyi kitu, Mzee," nikasema.

Nikamwomba Wekesa anipishe, nikaifuta mwenyewe. Kwenye nakala ya jana ilijengwa faili moja tu. Ilikwisha Bwana Kibet akiwa bado anatafuta fomu. Tukaituma Kanduyi, na baada ya muda mfupi akaja Mama Khisa mwenyewe kwenye simu, na sauti yake ile ya kuita ng'ombe.

"Madam! Inasema kumi na nne na nusu. Usinifiche. Ni kweli ama ni ile mambo ya siku ile?"

Nilizisoma namba za kihisio mara mbili kabla ya kumjibu. "Ni kweli, Mama. Hayajakauka."

Nikasikia punje ikitafunwa, na safari hii haikulia sana. Akacheka kidogo. "Hata jino linasema hivyo. Sawa basi. Saa hizi si ni saa nne tu? Jua bado liko." Nikamsikia akiwaitia vijana waje wateremshe magunia, wakunjue maturubai uwanjani, na haraka, wasimame kama nguzo wanangoja nini.

Hilo ndilo nililokuwa nikitafuta tangu siku ya mvua. Sikuweza kumpa habari njema. Niliweza tu kumpa habari mbaya mapema, yeye akiwa bado ana la kufanya.

Sherehe haikwisha upesi. Kulikuwa na hotuba za kamati, na Wekesa aliombwa kuimba. Keki Bwana Kibet aliikataza isikatwe mpaka moyo wake utulie. Saa tisa kasoro ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa Mzee Hamisi: "Kumi na tatu. Yameingia ghalani. Mvua imeanza."

Nikamwonyesha Wekesa. Akausoma, akachukua kisu bila kuomba ruhusa ya mtu, akanikatia kipande kikubwa chenye jina langu lote juu yake. Nikaanza kulila hilo jina kwanza.